Miaka Mitano Zaidi, Anaibeba Nani?

Kila ukizuka mjadala wa umri wa kustaafu, sauti kubwa huwa za vijana: wazee wang'atuke nasi tupate kazi. Haki yao. Mimi nauliza hiyo miaka ya ziada inamkuta mama yupi.

Watumishi wa umma Kenya walikuwa wakistaafu wakiwa na miaka 55 hadi 2009, umri ulipopandishwa kuwa 60. Kwa mama wa ofisini, mwenye kiti na feni, ilikuwa neema. Mshahara ukaendelea hadi kitinda mimba amalize chuo. Sasa mtazame muuguzi wa Likoni mwenye miaka 58. Alfajiri yuko kwenye feri, kutwa amesimama wodini akigeuza wagonjwa, magoti yanamlilia. Jioni akifika kwake, mamake mzee anangoja kuogeshwa, na kuna mjukuu ambaye mamake yuko Saudia kutafuta riziki. Zamu ya pili hiyo, na haina mshahara. (Mumewe, aliyestaafu, yuko barazani na kahawa yake. Msinikasirikie, twajuana.)

Uingereza wameyaona haya. Umri wa wanawake kupata pensheni ya serikali ulianza kupanda kutoka 60 mwaka 2010, ukafika 66 mwaka 2020. Watafiti wa King's College London waliwaangalia waliolazimika kungoja, wakakuta dalili za sonona zimezidi kwa wanawake wa kazi za ngazi ya chini. Wa vyeo vya juu hawakuumia hivyo.

Najua nitaambiwa mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika 50. Anaweza, ila pensheni yake hupimwa kwa miaka aliyotumika. Akiondoka mapema anaondoka na kidogo, na karo ya mjukuu haipungui.

Na anayekaanga viazi karai kando ya barabara pale Kongowea? Huyo hata hatajwi. Hana tarehe ya kustaafu. Akijaliwa kufika 70 na jina lake likaingia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha za kujikimu, atapewa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Sipingi 60. Ninachotaka ni muuguzi akishafika 55 aondolewe zamu za usiku, apewe kliniki ya mchana, mshahara usiguswe. Na anayetaka kuondoka kwa kuwa mwili umechoka asikatwe pensheni kana kwamba ametoroka kazi.