Msiisingizie Balsa

Jumamosi iliyopita bawa la ndege ndogo ya rimoti aliyoijenga rafiki yangu kwa mbao nyepesi za balsa lilikunjika hewani mbele ya watu wasiopungua kumi na watano, na kabla vipande havijamaliza kuanguka kwenye nyasi hukumu ilikuwa imeshapita: balsa ni mti dhaifu. Aliyehukumu alikuwa amekumbatia ndege ya povu gumu aliyoinunua ikiwa tayari ndani ya boksi, na alizungumza kwa sauti ya daktari anayethibitisha kifo. Waliosimama karibu naye wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kijana mmoja alinisogelea, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee, kwani kwa nini bado mnahangaika na vijiti?" Nilimjibu kwa upole kuliko nilivyojisikia moyoni, nikaenda kuokota mabaki, kwa sababu mabaki ya bawa husema ukweli kuliko watu walioliona likivunjika.

Ndege hiyo ilikuwa na urefu wa mita 1.6 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, na uzito wa kilo 2.2. Iliteremshwa kwa kasi, ikavutwa juu ghafla, ukasikika mlio kama wa fito kavu inayovunjiwa gotini, na bawa la kulia likasimama wima kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Nilipochana plastiki nyekundu iliyolifunika, nilikuta mhimili wa juu, yaani kimoja cha vijiti viwili virefu vinavyopita ndani ya bawa hadi nchani, umevunjika kiasi cha sentimita 10 kutoka kwenye shina la bawa, pale linapoungana na kiwiliwili. Haukuwa umekatika kwa kuvutwa. Ulikuwa umebanwa ukabenuka, nyuzi zake zimejikunja na kuchomoza. Mhimili wa chini ulikuwa mzima kabisa. Kati ya mihimili hiyo miwili, mahali panapopaswa kuwa na vikuta vya wima, vibao vyembamba vya kuziba nafasi hiyo kutoka ubavu mmoja wa bawa hadi ubavu unaofuata, nilikuta vikuta vitatu tu, vyote karibu na shina, na vyote vimekatwa nyuzi zikiwa zimelala sambamba na mihimili. Vilikuwa vimepasuka kwa urefu, kama kuni.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, kwa sababu mwenye bawa hakuwa mvivu wala bahili. Alikuwa amemimina epoksi, ile gundi ngumu na nzito, kwenye kila kiungo kama anayekalafati jahazi. Kwenye ncha za mabawa, mahali ambapo karibu hakuna mzigo wowote, alikuwa amebandika plaiwudi "kwa ajili ya uimara". Bawa ambalo kwa makadirio yangu lingeweza kuwa na gramu 450 lilikuwa na gramu 700 na ushei. Aliongeza mbao na gundi kila mahali isipokuwa mahali pamoja palipohitaji gramu kumi za balsa nyepesi, na mahali hapo ndipo palipomwangusha.

Sasa niseme jambo hili kwa kirefu, maana nimelisema kwa kifupi kwa miaka mingi na halijasaidia. Bawa linapobeba ndege hutaka kujikunja kwenda juu; mhimili wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Ndege ya kilo 2.2 ikipiga kona ya kulala digrii 60 bila kupoteza kimo, mabawa yake hubeba kilo 4.4. Ukiitoa kwenye mteremko kwa pupa na kuitwisha mara tano ya uzito wake, mabawa hubeba kilo 11, yaani ndoo ya lita kumi iliyojaa maji, pamoja na ndoo yenyewe. Mhimili wa balsa au wa msonobari wenye unene wa kidole cha mtoto hauwezi kubeba hiyo ndoo peke yake, na wala haukusudiwi kuibeba peke yake. Kinachoibeba ni ushirika wa mihimili miwili iliyotenganishwa na kufungwa kwa pamoja, na kifungo chenyewe ni vile vikuta.

Asiyeamini achukue rula mbili za plastiki za mwanafunzi, azilaze moja juu ya nyingine, kisha azipinde pamoja. Ataona ncha zake zinateleza, moja ikiipita nyingine. Azigandishe vizuri kwa gundi, asubiri ikauke, azipinde tena, na atakuta ugumu umeongezeka mara nne kwa plastiki ileile, kwa sababu tu rula hazina tena ruhusa ya kuteleza. Bawa lisilo na vikuta ni zile rula kabla ya gundi. Au kama mtu hapendi rula, na amtazame fundi anayepaua nyumba. Ni fundi gani atakayekupandishia kenchi yenye mbao ya juu na mbao ya chini tu, bila vile vipande vya katikati, halafu akudai hela? Ungemfukuza kwenye eneo la ujenzi. Lakini watu hao hao wanaojua kukagua kenchi wakiletewa bawa wanakagua rangi ya plastiki.

Na kwa nini nyuzi zisimame? Kwa sababu balsa ni kama fungu la mirija ya soda lililobandikwa pamoja. Lisimamishe, libonyeze kwa kiganja kutoka juu, nalo litakupinga. Lilaze, ulibonyeze, litakuwa chapati. Bawa linapopinda, mihimili hutaka kukaribiana na kuteleza, na kikuta ambacho nyuzi zake zimelala hakina cha kuizuia. Hupasuka kwa kufuata nyuzi zake na kuiacha mihimili kila mmoja na lake. Kisha mhimili wa juu, ambao sasa hauna wa kuushika, hubenuka kama mshipi unaosukumwa kutoka ncha zote mbili. Kikuta cha balsa ya milimita 1.5 kilichosimamishwa nyuzi, kikabandikwa kwa gundi nyeupe ya kawaida ya maseremala, kikagusa mhimili wa juu na wa chini bila kuacha upenyo, kinafanya kazi ambayo lita nzima ya epoksi haiwezi kuifanya. Nasema bila kuacha upenyo kwa sababu nimeona pia vikuta vilivyokatwa vifupi na nafasi iliyobaki kujazwa gundi. Huko ni kujenga ukuta usiofika kwenye dari halafu kushangaa mwizi alipitia wapi.

Najua nitaambiwa kwamba kuna ndege ndogo na nyepesi sana ambazo huruka miaka bila vikuta. Ni kweli. Zipo, na wenye nazo hawaziteremshi kwa kasi ya mwewe aliyeona kifaranga.

Jambo la pili linakwenda pamoja na hilo, nalo ni kuchagua mbao kabla ya kushika wembe. Wengi wetu huku pwani balsa hutufikia kwa kuagiza, au ndani ya begi la ndugu anayerudi kutoka Ulaya, kwa hiyo kila ubao tunaupokea kama zawadi na hatuthubutu kuukosoa. Ukosoeni. Ubao wenye upana wa milimita 100, urefu wa mita moja na unene wa milimita 1.5 una sentimita za ujazo 150. Nimeweka mbao mbili za kipimo hicho, kutoka bunda moja, juu ya mizani ya jikoni ya mke wangu, moja ikasoma gramu 15 na nyingine gramu 31. Kwa macho zilikuwa mapacha. Ile nzito ni ya mihimili na kingo, ile nyepesi ni ya mbavu za huko nje kwenye ncha na ya kufunikia. Ukizichanganya bila kupima, ukaweka nzito kwenye bawa moja na nyepesi kwenye jingine, utaishia kubandika vipande vya risasi kwenye ncha ili kusawazisha, na hivyo kulipa nauli ya kusafirisha uzito usiokuwa na kazi. Vilevile utazame uso wa ubao: wenye madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki hukataa kupinda kwa upana wake, na huo ndio wa mbavu, usio na madoadoa hayo hukubali kuzungushwa kwenye ukingo wa mbele bila ugomvi. Kuulazimisha ule wa madoadoa uzunguke ni kuutafutia ufa.

Nami sijazaliwa nikijua haya. Bawa langu la kwanza nililijengea juu ya meza ya chakula, nikitoboa kitambaa kwa pini na kuvuruga amani ya nyumba kwa wiki sita. Nilipima kila kitu isipokuwa meza. Ilikuwa imebonyea kidogo upande mmoja, na bawa likakauka likiwa limefuata ubonyevu huo kwa uaminifu. Ndege ile iliishi maisha yake yote ikiinamia kushoto kama daladala iliyovunjika springi, nami nikilaumu mota, nikalaumu rimoti, nikalaumu upepo wa kusi. Siku hizi najengea juu ya kipande cha mlango wa zamani nilichokihakikisha kwa uzi uliovutwa kutoka pembe hadi pembe, na bawa haliondoki hapo mpaka gundi ikauke kabisa, hata mvua za masika zikifanya kukauka kwenyewe kuwe suala la imani. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma na mbao nyembamba. Bawa nyoofu la Ijumaa linaweza kuamka limesokoteka Jumapili kama halijafunikwa. Baada ya kufunikwa, msokoto mdogo hunyooshwa kwa kulisokota bawa kinyume na kupitisha pasi ya moto mdogo juu ya plastiki hadi ikaze upya.

Nirudi kwa yule bwana wa povu. Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwa anayejifunza kurusha povu ni bora. Ataiangusha mara ishirini, ataibandika kwa gundi, atairusha tena baada ya chai, na mimi nisingemkabidhi mtoto wa dada yangu bawa la miezi mitatu siku yake ya kwanza. Pia balsa si rahisi. Ilipoadimika karibu mwaka 2020, kwa sababu watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya upepo waliigombania kwa ajili ya viini vya mapanga hayo, bei ilitufanya tukusanye hata vipande vya ukubwa wa kijiti cha meno. Lakini neno "dhaifu" silikubali. Wahandisi wanaoweka mti ndani ya panga lenye urefu wa makumi ya mita, likae baharini likipigwa na dhoruba usiku na mchana, hawakuuchagua kwa udhaifu wake. Waingereza hawakuwa wanacheza walipojenga kiwiliwili cha ndege ya kivita ya Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940, kwa kiini cha balsa kati ya tabaka mbili za plaiwudi. Na mwaka 1947 msafiri wa Norwe Thor Heyerdahl na wenzake walikaa siku 101 juu ya magogo tisa ya balsa, kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia. Jina lenyewe balsa ni neno la Kihispania lenye maana ya chelezo.

Isitoshe, huyu anayedharauliwa ni ndugu yetu. Mibalsa mingi inayouzwa duniani hutoka Ekwado, lakini kwa ukoo mti huo ni wa jamaa moja na mbuyu na msufi. Anayeufahamu msufi, aliyelalia mto wa sufi utotoni, akiona tunda la mbalsa likipasuka na kutoa manyoya yake hahitaji kutambulishwa. Nimeshaulizwa kama tunaweza kuchana msufi tukapata mbao za mabawa. Nimejaribu kipande kimoja kidogo. Kilikunywa gundi kama sifongo, nacho sasa kinazuia mlango wa stoo usijifunge.

Rafiki yangu, nashukuru, hakununua povu. Jumapili alikuja kwangu na mabaki ndani ya mfuko wa rambo, tukayatandaza kwenye baraza, nikamwonyesha mhimili uliobenuka na vile vikuta vitatu vilivyopasuka. Hakubishana. Alivigeuza mkononi kwa muda mrefu, akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo visimame?" Nikamjibu visimame, vyote, angalau hadi theluthi mbili ya bawa, vizidi kuwa vyembamba kadiri unavyokwenda nje. Aliondoka na mbao zangu mbili nyepesi, ambazo sitarajii kuziona tena.

Leo saa kumi na moja jioni amenitumia picha ya bawa jipya likiwa bado juu ya ubao wa kujengea. Ni kazi safi, mbavu zimenyooka, hakuna tone la epoksi. Nimeikuza picha nikahesabu vikuta kumi na kimoja, vinene karibu na shina na vyembamba kuelekea ncha, kama nilivyomwelekeza. Cha saba amekilaza. Gundi nyeupe huchukua kama nusu saa kushika, na nimempigia simu mara tatu hapokei.