Fizi zikiachia meno: tundu la sindano au nyama ya kaakaa?

Mtu ambaye fizi zake zimeanza kuachia meno hulijua tatizo siku anapokunywa maji ya friji: mzizi umebaki wazi, na baridi inampanda hadi utosini.

Tiba inayoaminiwa zaidi ina miongo kadhaa. Daktari anatoa kipande cha nyama kwenye kaakaa, anakishona juu ya mzizi, nacho kinashika. Ila mgonjwa anarudi nyumbani na vidonda viwili, na hicho cha kaakaani ndicho kinachomlaza na uji.

Mwaka 2012 daktari wa meno wa California, John Chao, alichapisha matokeo ya njia nyingine. Anatoboa tundu la milimita 2 au 3 mbali kidogo na jino, anapitisha kifaa kilichopinda, anabandua ufizi polepole na kuuvuta hadi ufunike mzizi. Kisha vipande vya kolajeni, protini inayopatikana kwenye ngozi, vinasukumwa kupitia tundu hilohilo ili viushikilie. Hakuna kushona, na meno kadhaa hutibiwa kwa mkao mmoja. Ripoti ilihusu wagonjwa 43 na sehemu 121, waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi 18.

Hapo nasita. Miezi 18 ni michache kwa ufizi unaotakiwa kudumu miaka 20, na aliyeripoti ndiye aliyeibuni njia hiyo na ndiye anayeifundisha. Simwiti mwongo, nasema tu mwamba ngoma huvutia kwake.

Hoja nzito zaidi iko kwenye kaakaa lenyewe. Nyama ile, pamoja na maumivu yake, huunenepesha ufizi. Kolajeni baadaye huyeyuka mwilini. Ufizi uliokuwa mwembamba kama karatasi unaweza kufunika mzizi leo na bado ukawa mwembamba, na wembamba huo mara nyingi ndio uliochangia uachie. Kwa hiyo mwenye ufizi mnene na meno mengi yaliyo wazi, ningemwelekeza kwenye tundu. Mwenye ufizi mwembamba avumilie uji.

Kama ugonjwa wa fizi umeshakula mfupa kati ya meno, hakuna njia ya kutegemea kwamba itafunika mzizi wote. Na wapo walioukwangua ufizi wenyewe, asubuhi na jioni, kwa mswaki mgumu kama wanaosugua sufuria. Kwa hao, daktari makini hashiki sindano kwanza. Anawapa mswaki: “Hebu nionyeshe unavyopiga.”