Vitufe visipigiliwe misumari

Mwaka jana niliandika programu ya mauzo kwa duka moja la vipuri vya baiskeli Ngamiani, hapa Tanga. Nilitumia lugha ya Java na Swing yake, yaani maktaba ya kuchora madirisha na vitufe, na kila kitufe nilikipangia mahali pake kwa namba: pikseli (nukta za skrini) kadhaa kutoka kushoto, kadhaa kutoka juu, upana huu, urefu huu. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza.

Wiki ya pili mama anayekaa kaunta akanipigia. "Mwanangu, macho yangu si ya zamani, niongezee maandishi." Nikaenda, nikabadilisha fonti kutoka 12 hadi 18, mstari mmoja tu, nikaaga. Herufi zilikua, vitufe vikabaki vilevile. Swing ikikosa nafasi hukata maneno na kuweka nukta tatu, basi "Futa bidhaa" na "Futa mauzo yote" vyote vikasomeka "Futa...". Jioni hiyohiyo akabonyeza kisicho chenyewe. Tulikaa naye mpaka usiku tukiyaingiza upya mauzo ya siku nzima kutoka kitabu cha risiti. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: kupanga vitufe kwa setBounds, amri ile ya kupigilia mahali na ukubwa kwa namba, ni kumkosea mtumiaji. Mtu akikuuliza njia Ngamiani humwambii atembee mita 340. Unamwambia barabara ya kumi na mbili, mkabala na msikiti. Meneja wa mpangilio (layout manager), sehemu ya Swing inayovipanga vitu dirishani kwa niaba yako, anaelekezwa vivyo hivyo: hiki kikae chini, kile kimfuate mwenzake, hiki kijaze nafasi iliyobaki. Pikseli anazihesabu mwenyewe, baada ya kukiuliza kila kitufe maandishi yake yanataka upana gani.

Sisi tunaoandikia Waswahili tunalihitaji hili zaidi. "Save" ina herufi 4, "Hifadhi" ina 7. "Print" ina 5, "Chapisha" ina 8. Ukinakili vipimo vya mfano wa Kiingereza, umeshayakata maneno yetu kabla hata fonti haijaguswa.

Najua kinachowakimbiza vijana ni GridBagLayout, meneja mwenye mipangilio mingi kuliko wenzake. Unaweka vitu vyako, vyote vinajikusanya katikati ya dirisha, kwa sababu weightx na weighty, namba za kugawa nafasi ya ziada kwa upana na kwa kimo, huanza na sifuri na hakuna anayeidai. Mimi sianzi nayo. Naweka paneli ndani ya paneli: BorderLayout, inayogawa nafasi kuwa katikati na pande nne, kwa dirisha zima, jedwali la bidhaa katikati, na kusini, yaani chini, paneli ya vitufe yenye FlowLayout, inayovipanga mstarini kimoja baada ya kingine, iliyoegemea kulia. GridLayout, ya safu na mistari, naiachia vitufe vya tarakimu tu, maana hulazimisha vyumba vyote vilingane, na "Sawa" haina haja ya upana wa "Chapisha ripoti ya mwezi". Halafu naita amri ya pack, dirisha lijipime lenyewe kulingana na vilivyomo.

Kuna mtego mmoja. Dirisha likibanwa sana, FlowLayout huteremsha vitufe mstari wa pili, lakini kusini pametengewa kimo cha mstari mmoja, kwa hiyo vilivyoteremka havionekani. Ukishaita pack, chukua ukubwa uliopatikana uufanye ndio wa chini kabisa.

Dukani nilirudi na toleo jipya. "Futa mauzo yote" nimeihamishia paneli yake upande wa magharibi, yaani kushoto, mbali na mwenzake, na sasa inauliza kwanza. Mama akashika kona ya dirisha, akalivuta mpaka likajaza skrini, akasoma kila kitufe kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho.