Simu Yangu Inalinda Maiti ya Waifai

Jumapili tulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu, kwa video, maana nusu ya ukoo iko Songea na nusu tumetapakaa Dar. Nilianza nikiwa ndani, Sinza, nikatoka na simu mkononi kwenda dukani kwa Mangi. Hatua chache nje ya geti sura ya baba mdogo ikaganda, mdomo wazi. Waifai inasoma kijistari kimoja, inakata roho. Pembeni yake 4G, minara yote inasoma, bando la wiki halijaguswa. Simu ikaing'ang'ania ile waifai kama kupe mpaka nikaizima mwenyewe. Niliporudi kikaoni: "Tumekuandika laki tatu. Ulikuwa kimya, tukajua umeridhia."

Asante sana, teknolojia.

Nimelipia njia mbili, simu inashika njia zote mbili, halafu inanipandisha moja tu. Na dawa ilishapatikana zamani. Mwaka 2013 Apple iliweka Multipath TCP, mbinu ya kupitisha mawasiliano yale yale kwenye njia zaidi ya moja, kwenye iOS 7, mfumo wa iPhone, ili Siri, msaidizi wake wa sauti, isikatike ukitoka kwenye waifai. Mwaka 2015 kampuni ya KT ya Korea Kusini ikaanza kuwaunganishia wateja LTE, yaani hiyo 4G, na waifai kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 wapanga viwango vya mitandao ya simu duniani, 3GPP, kwenye toleo lao la 13, wakaruhusu mnara wenyewe ugawe mzigo: vipande vingine vya data vipite LTE, vingine vizungukie waifai, simu ivipange upya.

Nenda Kariakoo saa saba mchana. Mnara unabeba wachuuzi, madalali, na kila mteja anayemtumia mkewe picha ya kitenge achague rangi. Juu yako ghorofa ya tatu kuna ofisi yenye faiba, wafanyakazi wameenda kula, ruta inapepesa taa bila kazi. Usiku mambo yanageuka: faiba ya Sinza inagombewa na kila sebule, mnara wa Kariakoo unahudumia paka. Uwezo upo, ila umekaa pasipo na watu.

Kugawa mzigo kwenye njia mbili ndiyo kasheshe. Una magunia ishirini ya mchele ya kupeleka Mbagala, una fuso na guta. Ukimpa wa guta kumi, fuso litafika na kukaa linasubiri, kwa sababu mteja anapokea gunia namba moja kabla ya namba mbili. Kwa hiyo kila mara unatazama njia ipi inatembea, unaongeza huku, unapunguza kule. Ukigawa kijinga, njia mbili zinakuwa za polepole kuliko moja.

Haya, kuna suala la bando, nakubali. Apple ilipoleta Wi-Fi Assist mwaka 2015, simu ikawa inahamia mtandao wa laini waifai ikidhoofika, na Wamarekani wakaenda mahakamani wakidai imewalia data. Hapa kwetu, mtu aliyejiunga bando la buku angeipasua simu ukutani. Tena masafa ya waifai ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizokanyagana, na kwenye jengo letu nimehesabu ruta kumi na tisa. Ukiunganisha foleni ya Mandela na ya Morogoro, bado uko foleni. Usalama wa waifai za mtaani tuuache kwa siku nyingine.

Lakini kampuni iliyoniuzia laini, ikaja yenyewe kunifungia ruta sebuleni, itaniambia nini? Namba yangu inayo, ruta yangu inaijua, hela zangu zote zinaingia kapu moja. Nilipiga huduma kwa wateja. Dada wa watu, mpole kweli, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, chagua moja tu uwe unaitumia."

Nimechagua. Waifai nimezima, bando la wiki likaisha Jumatano. Jana baba mdogo kanitafuta kuuliza laki tatu inakuja lini. Kapiga simu ya kawaida, na alisikika vizuri sana.