Aliyekaa Nyuma ya Landikruza

Ukifanya kazi za utafiti wa afya hapa Moshi, utazizoea Landikruza zinazoondoka alfajiri kwenda Longido au Ngorongoro. Mbele yupo dereva na daktari. Nyuma, akibanana na maboksi ya sampuli, yupo kijana wa Kimaasai aliyechukuliwa kwa posho ya siku. Kazi yake ni kutafsiri. Jioni anashushwa njia panda, na hadithi yake imeishia hapo. Mimi nasema ingeanzia hapo: tumlee awe mtafiti.

Nilikaa kiti hicho cha nyuma na mmoja wao miezi kadhaa. Mimi ni Mchaga, Kimaasai changu ni cha mnadani tu. Siku moja dodoso lilitaka tumuulize mama mmoja kama wiki iliyopita alikunywa maziwa yasiyochemshwa. Akajibu hapana. Nikakipeleka kidole kwenye kishikwambi nijaze. Mwenzangu akanishika mkono, akamgeukia: "Yeyo, vibuyu vyako unavisafishaje?" Yakafunguka mazungumzo ya robo saa, vicheko vikiwemo. Tukagundua kwamba yanayochemshwa ni ya chai; mengine yote yanakwenda kibuyuni mabichi. Ile "hapana" aliitoa kwa heshima, kwa sababu nesi aliwahi kumgombeza.

Usione ni jambo dogo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa na homa hapa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Asilimia 60.7 walihesabiwa na madaktari kuwa na malaria. Maabara ilipochunguza, malaria ilikuwa chanzo kwa asilimia 1.6 tu. Magonjwa yatokayo kwa wanyama, kama brusela (huja na maziwa mabichi, na humtupisha ng'ombe mimba), leptospira na homa ya Q, yalikuwa mengi kuliko ilivyodhaniwa. Sasa niambie, nani anamjua ng'ombe aliyetupa mimba kuliko mtoto aliyekua akimchunga?

Yule kijana alikuwa na swali lake mwenyewe. Mama zao hufukiza kibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien kabla ya kutia maziwa. Je, ule moshi unapunguza vimelea, au unaleta harufu nzuri tu? Alilipeleka kwa mkubwa wetu. "Swali zuri sana," akaambiwa, "lakini halimo kwenye mradi." Ripoti ilipotoka, jina lake lilikuwa kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho, limekosewa herufi mbili.

Nikisema tuwalee watafiti kutoka jamii za wafugaji na za Wahadzabe, najibiwa kwamba mafunzo yapo. Ndiyo, yapo: siku tano hotelini Arusha, kalamu, begi, cheti. Hayo ni mafunzo, ulezi ni kitu kingine. Mimi nilifika hapa kwa sababu kuna mama mmoja alisoma andiko langu mara saba, na mara zote saba alilirudisha limejaa wino mwekundu. Akanitafutia ada. Aliponiona nakata tamaa na takwimu aliniita kwake Jumapili, tukala ndizi kwanza. Kazi ya namna hiyo haiishi na mradi wa miaka mitatu.

Wanaosema vijana hawa hawana vyeti, hawasemi uongo. Sekondari nyingi za huko zina walimu wachache wa sayansi, na yule rafiki yangu mkalimani fizikia ilimshinda. Basi ruzuku itenge ada ya kurudia mtihani, kama inavyotenga dizeli! Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, tunakisubiri kwa miezi bila kulalamika (haya, tunalalamika kidogo), tunashindwaje kumsubiri mtu?

Wala sidai kwamba mtoto wa bomani akirudi na fomu ya ridhaa mambo yatakuwa mepesi. Wazee watamuuliza damu inakwenda wapi, na yeye hawezi kupanda gari akaondoka. Kesho atakutana nao mnadani. Kwangu hiyo ndiyo faida yenyewe. Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, waliandika kanuni zao za maadili ya utafiti mwaka 2017, wakadai heshima, ukweli na haki kutoka kwa kila mtafiti anayebisha hodi. Huku kwetu anayeulizwa maswali hayo bado ni mkalimani, ambaye hata bajeti ya mradi hajawahi kuonyeshwa.

Rafiki yangu sasa ana bodaboda. Mwezi uliopita alinipigia simu, nikajua anataka mkopo. Kumbe alikuwa anauliza kama maabara yetu ingekubali kupokea vibuyu viwili, kimoja kilichofukizwa na kimoja ambacho hakijafukizwa.