Tusiilinganishe Dunia kwa umbali wa Jua peke yake

Chati za sayari karibu zote huanza na kipenyo, zikafuatia na umbali kutoka kwenye Jua. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba Dunia ina uhai kwa sababu iko mahali pazuri, basi. Maelezo hayo yana pengo kubwa, na Zuhura ndiyo inayolionyesha.

Kwa ukubwa sayari hizi ni ndugu: Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742, Zuhura 12,104. Lakini ardhi ya Zuhura ina joto la nyuzi 465 hivi za Selsiasi, usiku na mchana. Ukiuliza sababu utaambiwa iko karibu na Jua. Haya, tupige hesabu.

Zuhura iko kilomita milioni 108 kutoka kwenye Jua, sisi milioni 150. Gawa 150 kwa 108, unapata 1.39. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, zidisha 1.39 kwa 1.39: inakuja 1.93. Yaani Zuhura hupigwa na mwanga karibu mara mbili ya wetu. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Mawingu ya asidi ya salfuriki yanayoigubika sayari nzima hurudisha angani takriban robo tatu ya mwanga huo. Dunia hurudisha asilimia 30 tu. Robo ya 1.93 ni 0.48, nasi, ambao mwanga wetu ni 1, tunabaki na 0.70. Zuhura hufyonza nishati ya Jua kidogo kuliko Dunia!

Joto lile linatokana na angahewa: asilimia 96 ni hewa ya ukaa (kaboni dioksidi), inayozuia joto lisitoroke, na kanieneo yake, yaani mgandamizo wa hewa, ni kama mara 92 ya yetu. Chombo cha Kisovyeti Venera 13, kilichotua huko mwaka 1982, kilihimili hali hiyo dakika 127 tu.

Dunia nayo ina kaboni tele, ila imefungwa kwenye miamba. Mvua huyeyusha hewa ya ukaa ikawa asidi hafifu, asidi ikamung'unya mawe, mito ikabeba kalsiamu pamoja na kaboni hiyo hadi baharini, na matumbawe na viumbe wenye magamba wakavigeuza jiwe. Mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar yana kaboni ya namna hiyo. Ukiyachoma tanurini kupata chokaa, kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, mbali na moshi wa kuni. Kazi yote hiyo inahitaji maji, na Zuhura imepoteza karibu maji yake yote: mvuke ulipanda juu, mionzi ya Jua ikauvunja, haidrojeni ikatorokea angani.

Wala asilimia peke yake haitoshi. Mirihi ina hewa ya ukaa asilimia 95, lakini kanieneo yake haifiki hata asilimia 1 ya yetu, ndiyo maana inaganda. Chati inayotaja aina ya hewa bila kutaja wingi wake bado inampotosha mtoto.