Robert Byrd na Viti Viwili vya Magurudumu

Usiku wa kuamkia Juni 10, 1964, Robert Byrd wa West Virginia alisimama katika Seneti ya Marekani akasema kwa zaidi ya saa 14 mfululizo. Alikuwa akivuta muda ili Sheria ya Haki za Kiraia, ile ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, isipite. Alipoketi, ikaitishwa kura ya kufunga mjadala. Seneta Clair Engle wa California aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Uvimbe wa ubongo ulikuwa umemnyima sauti. Jina lake lilipoitwa, aliinua mkono akaonyesha jicho lake, maana kwa Kiingereza jicho na ile "ndiyo" ya bungeni hutamkwa sawasawa. Kura zikawa 71 kwa 29, mjadala ukafungwa. Byrd alikuwa kati ya wale 29.

Nimeanzia hapo makusudi. Byrd akitajwa, husifiwa kwanza kwa miaka yake 51 katika Seneti, tangu 1959 hadi kifo chake 2010, na kwa mafungu ya fedha aliyopeleka jimboni kwake. Mimi miaka mingi kitini hainishtui. Mtu huweza kuota mizizi tu.

Alikuwa yatima, mama yake alikufa kwa homa ya mafua ya 1918, akalelewa na shangazi kwenye vijiji vya wachimba makaa ya mawe. Miaka ya 1940 aliingia Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatisha watu weusi, tena si kwa kufuata mkumbo: aliandikisha wanachama, akaongoza tawi. Wapo wanaomtetea kwamba zama zilikuwa hizo. Sikubali. Engle naye aliishi zama hizohizo.

Lakini Byrd alikiri kosa lake hadharani, akalirudia kulikiri hadi uzeeni. Na hakuishia kwenye maneno, ndipo nilipoanza kumwamini. Mwaka 1983 aliunga mkono sikukuu ya Martin Luther King. Mwaka 2002 alikataa kuidhinisha vita vya Iraq, wakati wengi wa wenzake walinywea. Mwaka 2008 alimuunga mkono Barack Obama. Deni la 1964 halikufutika kwa hayo, na asingekuwa na haki ya kudai lifutike.

Kisha ikaja Desemba 2009. Muswada wa bima ya afya ulikuwa umezuiwa kwa silaha ileile ya mjadala usiokwisha, na chama chake kilihitaji kura 60 kamili. Saa saba usiku wa kuamkia Desemba 21, theluji ikiwa imetanda Washington, mzee wa miaka 92 alisukumwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Zikapatikana 60 kwa 40. Alfajiri ya tarehe 24 akarudishwa kwa kura ya mwisho. Jina lake lilipoitwa, alisema kura hiyo ni ya rafiki yake Ted Kennedy, seneta mwenzake aliyefariki Agosti mwaka huo. Sauti alikuwa nayo bado. Akatamka: ndiyo.